Pingili Tano za Woga

Jumatatu, 2 Machi 1981

Kutoka Kisumu mpaka Mlima Elgon hakuna mtu anayejua woga kama mimi — si kuogopa, kuupima! Daktari hupima homa, mimi napima roho. Na shule niliachia Form Two! Madam Jeruto wa chuo kikuu ameniandika kazi kwa sababu siogopi kugonga mlango wa mtu. Tunauliza watu wanaogopa kipindupindu kiasi gani. Ugonjwa unazunguka dunia, na wakubwa wanataka hofu ya Musanda na ya Lumakanda zipimwe kwa kipimo kimoja. Karatasi yake imetoka ng'ambo: kidogo, wastani, sana, kupita kiasi. Mzee Makhanu akauliza huyo Wastani ni mtoto wa nani. Madam akaniangalia kana kwamba nimemfundisha mimi.

Jumanne, 3 Machi

Leo nimeokoa serikali. Nimekata muwa, nikaacha pingili tano zinazolingana. Pingili moja, huna woga. Zote tano, hulali. Hata bibi asiyejua kusoma anaonyesha kwa kidole! Madam ameupima kwa rula mara mbili, akauliza nimejifunzia wapi. Nikasema kichwani. Hakucheka. Huyu mama ananishuku. Na mimi namshuku — mtu gani hunywanga chai bila sukari, na yuko huku kwetu kwenye miwa?

Alhamisi, 5 Machi

Lumakanda, kwa watu wa mahindi. Tano, tano, tano! Wanaume wazima, na ndevu zao. Nilikuwa nimeanza kuwadharau, ndipo mzee Sylvanus akanyoosha mkono achukue muwa. Kumbe walisikia ukitaja pingili ngapi, ndizo unazopewa. Madam akanivuta kando.

"Joash, hii ni hofu au ni hamu ya muwa?"

Nikamwambia ni mchanganyiko. Akasema tutarudia baada ya wiki mbili, bila muwa. Kipimo cha kweli, ukikirudia, kinakupa jibu lile lile. Mimi naona hata mwongo mzuri hufanya hivyo, lakini sikusema.

Ijumaa, 6 Machi

Musanda, nyumbani. Moja, moja, moja. Kijiji kizima mashujaa! Waongo. Tangu wiki jana wanawake wanapita mbali kuikwepa chemchemi ya chini, lakini ukiwauliza — moja.

Baba alinipeleka nyuma ya boma. Miwa yetu imemaliza miezi ishirini na miwili, wakataji wa kiwanda wanakuja wiki ijayo. Ikiandikwa huku kuna hofu, barabara itafungwa, wakataji watageuzwa, miwa itakaukia shambani. Akaniuliza mimi ninakulanga nini.

Wa mwisho, Senje Navalayo, dada ya baba. Mumewe alikufa, akarudi kwetu na mtoto wake Were. Nilimpa muwa aonyeshe pingili. Hakuonyesha, aliushika wote kwa mikono miwili. Akasema maji ya chini yananuka, na Were huyanywa akitoka kuchunga mbuzi. Waletewe dawa ya maji, hata kesho. Nikamwambia senje, muwa ni wa kupimia, si wa kuegemea kama fimbo ya askofu. Akacheka kidogo. Baba alikuwa mlangoni, akakohoa. Nikaandika haraka, nikaenda kula.

Ijumaa, 13 Machi

Wakataji wamefika! Baba anapiga mluzi tangu asubuhi.

Madam amekasirika. Ofisi ya afya haikungoja turudie. Wamechukua hesabu ya kwanza na kupeleka dawa ya maji Lumakanda, ati pale penye hofu watu wataikubali. Musanda ingoje. Amewaeleza kuwa pingili ya huku na ya kule si kitu kimoja, hawasikii. Halafu akaniuliza polepole, macho kwenye karatasi zangu, kama kwetu hakukuwa hata mmoja aliyesema tano. Nikasema hakuna. Akaniuliza tena. Nikasema hakuna. Jibu lile lile.

Jumanne, 17 Machi

Were amehara na kutapika tangu alfajiri. Macho yameingia ndani. Ukivuta ngozi ya mkono inabaki imesimama. Hakuna gari la kumpeleka hospitali, ila trekta ya miwa. Dereva ameteremsha nusu ya mzigo bila kuuliza mtu. Baba mwenyewe alikuwa akitupa miwa chini, yake.

Nimempandisha senje juu. Amemlaza Were mapajani, anamdondoshea maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Trekta ilikataa kuwaka mara ya kwanza. Ndipo senje akainama.

"Joash, mwanangu. Ile yangu uliandika ngapi?"

Nikamwambia tano.

Akasema basi dawa iko njiani. Akanishika kichwa, akanishukuru. Trekta ikawaka, wakaenda. Sasa ni saa nane, hawajarudi.

Niliandika moja.