Maika Mbili na Fyuzi

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi hatujambo, ila mama na kifua chake, na mimi na kidole changu. Nitakueleza.

Unamkumbuka Chuma, yule aliyekuwa akitunyang'anya madaftari njiani? Siku hizi ni mkubwa. Ana stoo ya petroli ya madumu, ana vijana wa marungu, na ana amplifaya anayoihifadhi humo humo stoo na kuifunga juu ya gari kututangazia nani afunge biashara na nani ahame mtaa. Bila ile sauti, Chuma ni mtu mfupi tu. Sasa imekufa, na wameniletea mimi.

Nimeifungua. Badala ya fyuzi wametia msumari! Aisii ya sauti, kile kidude cheusi chenye miguu kumi na moja kinachosukuma spika, imepasuka kifua. Kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Nilipata moja mjini, nikaipitishia spiriti, maandishi yakatoka kama wanja wa mtu anayelia. Nikajua ni ya bandia. Nikaitia hivyo hivyo, sina nyingine. Ililipuka kabla sijapepesa jicho.

Chuma alikuwa amesimama mlangoni. Akachukua koleo langu, lile la marehemu baba, akakibana kidole changu kidogo cha kushoto na kukivunja polepole. Huku ananiuliza, "Fundi, hiki nacho kina spea?" Vijana wake wakacheka. Amenipa mpaka mwisho wa Machi. Akikuta bado, ni mkono wa kulia, wote.

Usiniambie niende kituoni. Mkuu wa kituo ndiye hukalia kiti cha mbele kwenye shughuli za Chuma. Wewe huko unavunja mitambo mibovu ya dunia nzima, nitafutie. Jina la aisii nimeliandika nyuma ya karatasi hii.

Mama anakusalimu. Anauliza kama unakula.

Dada yako


Tarehe 25 Februari

Dada yangu,

Salamu nyingi, na pole isiyotosha. Mwambie mama ninakula. Usimwambie ninachokula.

Kazi ya hapa ni nyundo tu. Kontena likifunguliwa tunaingia kama fisi, huyu anataka shaba, yule anataka alumini, na ukigusa cha mwenzio mnaumizana. Nyapara hatuamui. Anavuta kiti, anatazama.

Aisii yako sijaiona. Nimegeuza bodi mpaka vidole vimechanika. Lakini nimemwona ndugu yake: miguu ile ile, nguvu ile ile, jina linatofautiana mwishoni tu. Imo ndani ya amplifaya moja ambayo Jongoo ameikalia. Jongoo ni mwenzangu wa chumba, analala kitanda cha juu, na mimi nikiishiwa maji hunigawia ya kwake. Anachotaka yeye ni bati la alumini la kupoozea, na bati na aisii vimefungwa pamoja. Akiling'oa kwa nyundo, aisii itavunjika.

Nimemwomba kwa upole. Amenijibu, "Hapa watu huomba kwa nyundo."

Kesho nitaomba kwa nyundo.

Mdogo wako


Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani? Kimya chako kinanitisha kuliko Chuma.

Vijana wake walikuja kunikumbusha. Mmoja alipiga mita ya umeme kwa rungu mpaka ikatoa cheche. Mama akasimama, akamwambia, "Mwanangu, wewe hukuzaliwa na mtu?" Yule kijana akamsukumia rungu kifuani, kama mtu anayefungua mlango. Tangu siku hiyo mama anakohoa damu. Anaificha kwenye kanga akidhani sioni.

Sasa hata nikipata aisii siwezi kuijaribu hapa, umeme hakuna. Chuma amesema si neno, ataijaribu mwenyewe stoo kwake, mlango umefungwa. Swichi ile haruhusu mkono mwingine uiguse, anaogopa watamchezea kitu chake.

Nimeanza kujizoeza kuunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, kwa mkono wa kushoto. Nimeunguza meza. Cheka, na wewe.

Dada yako


Tarehe 15 Machi

Dada yangu mpenzi,

Natumaini mkono bado unao. Nimempa mzigo huu dereva wa lori anayekuja huko, ni mtu wa kuaminika, hasemi mpaka aulizwe.

Nimeipata. Jongoo aliniwahi mdomoni, meno yangu ya mbele yamebaki mchangani. Mimi nikampiga gotini. Nilisikia mfupa ukilia. Halafu nikakaa juu ya kifua chake, nikafungua skrubu za ile amplifaya moja moja, yeye akipiga kelele chini yangu, na mikono yangu haikutetemeka, dada. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nyapara alituchapa sote kwa waya. Jongoo hasimami tena. Kitanda cha juu kimepewa mtu mwingine.

Sasa sikiliza, ingawa wewe ndiye uliyenifundisha kushika bisibisi. Aisii ya zamani ilikuwa na mgongo wa plastiki, ilikaa juu ya bati bila shida. Hii mgongo wake ni chuma kitupu, na chuma hicho kina umeme. Ikigusa bati, umeme unashukia kasha lote. Ndiyo maana nimekuwekea vipande viwili vya maika, lile jiwe lisilopitisha umeme, vyembamba kama gamba la samaki. Usije ukavidhani ni karatasi ya kufungia ukavitupa! Kimoja kikae katikati ya aisii na bati, kingine ni cha akiba. Na ung'oe ule msumari, nimetia fyuzi.

Bila maika, na msumari ukiwa mahali pake, hakuna kitakachokata umeme. Nyaya zitawaka tu. Na kwenye stoo ya petroli, sina haja ya kumaliza.

Mdogo wako


Tarehe 20 Aprili

Dada yangu,

Salamu zikufikie huko kwa shangazi. Dereva ameniambia ndiko alikowashusha, wewe na mama na mfuko mmoja.

Bahasha uliyompa imefika. Niliikung'uta nikitafuta barua. Hamna. Zimo maika mbili na fyuzi. Niliziinua juani. Safi kama nilivyozituma, hazina hata alama ya skrubu.

Mengine alinisimulia dereva, safari hii bila kuulizwa. Kwamba Chuma alikusifu, akakupiga begani, akasema angejua angevunja vidole viwili ungewahi zaidi. Kwamba aliibeba mwenyewe, akaingia stoo, akafunga mlango. Mtaa ukasubiri sauti. Alitoka anawaka. Alikimbia barabara nzima akiita watu kwa majina, yale yale aliyozoea kuyataja kwenye spika, na kila aliyetajwa alifunga mlango wake. Alidondoka mtaroni. Hakuna aliyeleta maji.

Dereva alicheka. Na mimi nikacheka, kwa mdomo huu usio na meno. Kisha nikachota maji, nikampelekea Jongoo. Aliyanywa. Hakunitazama.

Sikuulizi kitu, dada. Nauliza yale ndugu huulizana: mama anakohoaje? Kidole kimeunga? Mkono wa kulia unashika?

Maika na fyuzi nakurudishia humu ndani. Siku utakapofungua meza tena, akaja mtu asiyekuvunja chochote na amplifaya yake, zitie mahali pake.

Mdogo wako