Mwanao Yuko Maktaba

Dada yangu mpendwa,

Chuo kitavunja vibanda vyote vya chakula vilivyo nyuma ya geti dogo Ijumaa ijayo. Aliyenieleza hayo ni afisa majengo wa chuo mwenyewe, jana asubuhi ofisini kwake, huku akisaini makaratasi mengine bila kuniangalia. Mahali hapo, alisema, patakuwa maegesho ya magari ya wafanyakazi. Nilimwuliza wanafunzi watakula wapi. Akasema kantini ipo. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo mpya kuliko zote nilizo nazo, na inakuhusu kuliko unavyodhani. Salamu zinafuata, usinione sina adabu.

Habari za huko? Goti linaendeleaje tangu uanze ile dawa ya kuchua? Shemeji bado anakohoa, au sigara imekubali kumwacha, maana yeye hawezi kuiacha? Bati la jikoni limezibwa? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Miguu imechoka na tumbo limechoka zaidi, na sababu yake utaiona hapa chini.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Dada, si bure mliniita Nukta tangu utotoni. Napenda kumaliza sentensi, na kwenye simu hunipi nafasi ya kufika huko. Nikisema nimemwona mwanao, utakuwa umeshalia, umeshafunga mizigo na umeshamgombeza shemeji kabla sijasema nimemwona wapi. Kwa hiyo barua hii nimempa dereva wa lori la magazeti akuletee mkononi. Kaa, uisome mpaka mwisho, ndipo upige simu ukitaka. Mtoto ni mzima. Hana mimba, hana kesi, haumwi. Hayo nayatanguliza ili usome kwa utulivu.

Wiki iliyopita mhariri wangu, kijana ambaye nilikuwa naandika gazetini kabla hajaota meno, aliniita mezani kwake. Alisema wasomaji wanataka kujua ni wapi mwanafunzi anaweza kula kwa bei nafuu karibu na chuo. Nikamwambia hiyo ni kazi ya mtu mwenye tumbo changa. Akasema inataka mtu mzima asiyedanganywa na pilipili. Nimekaa mno katika kazi hii kuanza kubishana juu ya chakula cha mchana. Nikaenda.

Nilianzia kantini. Ni safi, ina feni, na ina mama wa kugawa nyama ambaye wanafunzi wamembatiza Mizani, kwa kuwa upawa wake ukitikisika mara moja zaidi, kipande kinarudi sufuriani. Foleni inatoka mlangoni na kuzunguka hadi kwenye ubao wa matangazo. Mwenye kipindi cha mchana akiingia foleni hiyo itabidi achague kati ya mhadhiri na nyama. Mwanafunzi mmoja wa sheria aliniambia kwamba chakula cha pale hakina kosa lolote isipokuwa ni kidogo, na kosa hilo peke yake linatosha kumfunga mtu maisha.

Nje ya geti kubwa kuna muuza viazi vya kukaanga anayeitwa Profesa, kwa kuwa amekaa chuoni kuliko profesa yeyote aliye ndani. Alijigamba kwamba wakuu wa idara kadhaa amewalisha yeye walipokuwa bado wanafunga suruali kwa kamba. Mafuta yake sikuyapenda rangi, nikamwambia. Akanijibu kwamba mafuta ni kama mhadhiri, mapya hayana uzoefu. Nikala, na usiku nikatafuta vidonge vya kiungulia. Kuna pia chumba cha chai na mkate karibu na kituo cha basi. Chai yao ni nzuri, lakini vijiko vimefungwa kwa kamba kama kalamu za benki.

Aliyenielekeza geti dogo ni mtu wa fotokopi. Alisema kama nataka kujua wasio na kitu wanakula wapi, niende Maktaba. Nikamwambia maktaba nimeshaipita, si lile jengo lenye ngazi? Akacheka mpaka akasimamisha mashine. Maktaba, alinieleza, ni kibanda cha tatu nyuma ya geti dogo. Wanafunzi wa zamani walikipa jina hilo ili mzazi akipiga simu saa ya kula, mtu ajibu bila kutenda dhambi kwamba yuko Maktaba. Mzazi anafurahi, mtoto anashiba, na hakuna aliyesema uongo.

Nilicheka naye, dada. Halafu nikaacha kucheka, maana nilimkumbuka mtu anayenipigia simu kila Jumapili kunisimulia kwamba mwanawe haondoki maktaba. Asubuhi yuko maktaba, mchana yuko maktaba, hata sikukuu yuko maktaba, na yule jirani mwenye kuku amekoma kumsifia mwanawe kwa sababu hiyo.

Hata hivyo nilijiambia kwamba kula si kosa, na mtoto lazima ale mahali. Nikaenda kuona mahali penyewe. Ni mabenchi mawili, meza yenye plastiki ya maua iliyochanika pembeni, ndoo ya maji ya kunawa, na pazia la gunia linalotenga jiko. Wateja walikuwa wamefungua vitabu kando ya sahani, na kweli palikuwa kimya. Mgeni angeweza kuomba kadi ya kuazima. Mhudumu alikuwa mwanafunzi mwenye haraka zake. Nikaagiza wali na maharagwe, akaleta, akarudi kwenye daftari lake.

Maharagwe yalikuwa na sukari.

Sina haja ya kukueleza wewe, lakini naandika ili nione kama bado nakumbuka vizuri. Macho ya mama yalipoanza kufifia, alichota sukari akidhani ni chumvi. Baba akala, akafuta sahani kwa kidole, akaomba aongezewe, na akatutazama sisi watoto kwa jicho ambalo halikuhitaji maelezo. Tangu siku hiyo maharagwe ya nyumbani kwetu yana sukari, na chai, siku mbaya, ilikuwa na chumvi. Mama alipoacha kuona kabisa, wewe uliacha shule ukashika upawa. Sukari ukaiendeleza, ingawa macho yako yalikuwa mazima. Hatujawahi kuulizana kwa nini. Katika kula kwangu kote, na nimekula katika mikutano, misiba na magereza, sijawahi kukutana na watu wengine wanaopika hivyo.

Nikaweka kijiko chini, nikafunua pazia. Mwanao alikuwa ameinamia sufuria iliyomzidi upana, masizi hadi kwenye viwiko. Hakushtuka.

“Karibu, mjomba,” alisema. “Umechelewa. Tangu juzi nasikia kuna mzee wa gazeti anapita kila kibanda na hamalizi sahani.”

Akanipa mwiko nikoroge wakati anapakua. Nilikoroga. Kazi ilipopungua tukakaa juu ya madebe nyuma ya kibanda, akanieleza. Naandika kama alivyosema, sijaongeza chumvi wala sukari.

Mwaka jana alianza kuosha vyombo pale ili apate chakula cha mchana. Mwenye kibanda alikuwa bibi mmoja ambaye wateja walimwita Mkutubi, naye alimpenda kwa sababu haongei sana na haachi mafuta kwenye sahani. Ilipofika wiki ya mitihani miguu ya Mkutubi ikavimba, akachukuliwa na mwanawe akatibiwe, akamwachia mwanao funguo kwa siku chache. Wako wateja ambao sahani ile ndiyo yao pekee tangu asubuhi mpaka kesho yake. Mwanao aliwajua kwa sura, akaona hawawezi kuingia mtihanini na njaa. Akapika. Siku ya mtihani wake mwenyewe mkaa ulikuwa umenyeshewa, na maharagwe yakakataa kuiva. Akasema nitasubiri kidogo, yachemke tu. Alipofika ukumbini mlango ulikuwa umefungwa, na msimamizi akamwambia, kwa upole alisema, kwamba harufu ya vitunguu si udhuru. Kanuni yao ni kwamba anayekosa mtihani bila udhuru anarudia mwaka.

Alikusudia kukwambia siku ileile. Wewe ukawahi kupiga simu. Ulimwuliza yuko wapi, naye alikuwa amerudi kibandani kwa sababu sufuria ilikuwa bado motoni. Akajibu yuko Maktaba. Ukamwombea dua, ukakata simu.

Baada ya hapo, alisema, kila siku ilikuwa nzito kuliko ya jana yake. Mkutubi hakurudi. Muda wa kujiandikisha ulipofika, mwanao badala ya kurudia mwaka aliomba kuuahirisha. Kwa hiyo, dada, hajaingia darasani tangu mitihani ya mwaka jana. Haendi pale kula tu kama wenzake, anapika pale. Hilo ndilo nililokuwa nalizunguka tangu ukurasa wa kwanza, na sasa nimelisema.

Nilimwuliza kwa nini hakurudi tu, akamaliza. Alisema waliokuwa nyuma yake kimasomo ndio wateja wake, na wanamwita Mama. Ana miaka ishirini na miwili na wanaume wenye ndevu wanamwita Mama. Atakaaje benchi moja na watu aliowagombeza jana kwa kumwaga mchuzi? Nikamwambia hiyo ni aibu ya wiki moja, na aibu ya wiki moja haimweki mtu nje ya darasa mwaka mzima. Nikamwuliza anachokiogopa hasa ni nini. Akachomoa uzi mmoja kwenye gunia, ndipo akajibu.

“Naogopa mama atasema hakunizaa nije kusimama jikoni kama yeye. Ananiambia hivyo tangu nina miaka sita, mjomba. Alikuwa ananifukuza jikoni, mimi naenda kuchungulia dirishani.”

Kumbe ndiko alikojifunzia maharagwe.

Jana nilipotoka kwa afisa majengo nilipitia ofisi ya usajili. Karani alinieleza, bila mimi kutaja jina la mtu, kwamba walioahirisha wanapokewa kuanzia Jumatatu inayofuata baada ya vibanda kuvunjwa. Wiki hiyo ikiisha mtu hajaripoti, nafasi yake inafutwa na hakuna rufaa. Nikaenda kibandani kumwambia mwanao yote mawili. Lile la kuvunjwa alilijua kabla yangu. Mizani wa kantini alikuwa amekuja mwenyewe, amekula sahani nzima ya maharagwe, akasema kantini inamtaka jikoni, aanze Jumatatu hiyohiyo. Umaarufu wa kibanda hicho umewafikia kabla ya tingatinga.

Basi mambo ndivyo yalivyosimama. Jumatatu hiyo ataingia chuoni kwa mlango mmoja au mwingine, wa darasa au wa jiko. Nilimwuliza anataka upi. Alisema asubuhi anataka huu, jioni anataka ule, na kwamba hawezi kuchagua huku wewe unaamini amekaa maktaba yenye ngazi. Anataka kwanza ujue. Akaniomba nikwambie mimi.

“Wewe umezoea kuandika habari mbaya bila kulia,” alisema.

Nikamwambia hii si habari mbaya, ni habari tu. Sina uhakika kama nilisema kweli.

Makala yangu itatoka Alhamisi. Maktaba imo, kwa jina hilo, bila jina la mpishi, na siku ya pili yake haitakuwepo. Mhariri aliniuliza msomaji afanye nini na mahali pazuri pa kula ambapo kesho patakuwa lami. Nikamwambia sijui, mimi nimeulizwa wanafunzi wanakula wapi.

Nina langu moja, halafu nitanyamaza. Sikumpa mwanao nasaha, na wewe sikupi. Ila lile jiko uliloachia shule, chakula chake nilikila mimi. Nilikuwa narudi na madaftari, unanipakulia, unaniuliza leo wamefundisha nini, nami nakujibu kwa mkato kwa sababu nina njaa. Kila nilichoandika tangu wakati huo kina sukari yako ndani. Sijawahi kukushukuru, nilidhani ni jambo linaloeleweka. Kwa hiyo mimi si mtu wa kukwambia kwamba darasa si kitu, wala mtu wa kumwambia mwanao kwamba jiko si kitu. Mtakayoamua muamue nyinyi wawili. Nakuomba tu jirani mwenye kuku asiwe wa tatu.

Nisalimie shemeji, na umwambie shati alilosahau kwangu nalivaa. Wasalimie watoto wa mdogo wetu na wote wanaoniulizia. Mungu akupunguzie maumivu ya goti, na wewe ulipunguzie ngazi.

Mwanao atafunga kibanda Ijumaa kabla ya wavunjaji kufika. Atapanda basi la Jumamosi alfajiri, na mchana atakuwa mlangoni kwako. Siku hiyo usibandike chochote jikoni. Anakuja na maharagwe yake, yameshalowekwa, na ameniomba nikuulize kama sukari ipo.

Mdogo wako,

Nukta