Maelezo ya Picha ya Chumba Namba Sita

Jumatatu, 3 Machi

Simu ya kazi haijalia tangu asubuhi. Nimeikagua kama ina chaji — inayo. Nimejipigia mwenyewe kwa simu yangu — ikaita. Basi ni wateja tu hawapo.

Mume wangu yuko uani anaosha bomba la dawa ambalo ni safi tayari. Anaosha ili mikono isikae bure. Namjua.

Kazi yetu haina bango. Siri hiyo ndiyo iliyotupa jina, na ndiyo inayotuua sasa. Tunaua kunguni bila jirani kujua. Gari halina maandishi. Tunavaa ovaroli zenye madoa ya rangi, tunabeba ngazi na ndoo, watu wanadhani sisi mafundi rangi. Mwaka jana jirani wa mteja alitukimbilia mpaka barabarani, eti tukampakie rangi sebuleni kwake! Mume wangu akamwambia tumejaa kazi mpaka mwakani. Uongo mtupu, na uso mkavu.

Lakini siri haileti mteja mpya. Na wale wenzetu wa bango kubwa pale kwenye mzunguko wanazidi kunenepa. Leo kasema, bila kunitazama, kwamba mambo yakiendelea hivi gari litauzwa. Gari likiuzwa hakuna kazi tena. Nimejifanya sikusikia.

Keshokutwa tunaonana na fundi wa tovuti.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa tovuti ni mama wa makamo, sauti kavu, hamtazami mtu usoni, anatazama skrini. Nimempenda na nimemwogopa.

Mume wangu alikwenda na karatasi yake mfukoni. Ameandika kaulimbiu: Suluhisho Bora kwa Maisha Bora. Alitaka ikae juu kabisa kwa herufi za dhahabu. Fundi akaisoma, akauliza: mtu kaamka mwili mzima vipele, anajikuna mpaka damu, anashika simu. Ataandika suluhisho bora? Nikajibu mimi: ataandika dawa ya kunguni. Au ataandika, ni nini kinaniuma kitandani. Fundi akanioneshea kidole: huyu ndiye atakayeandika maneno ya tovuti.

Mwenzangu kanuna njia nzima. Tulipofika nyumbani akasema kumbe sasa wewe ndiye meneja. Nikamwambia meneja ana njaa, kampikie. Akacheka kidogo, kwa shida.

Aliyoyasema fundi, nayaandika maana siku hizi nasahau upesi. Mtambo wa kutafutia mtandaoni hauna macho kama yetu, unasoma maneno. Kwa hiyo namba ya simu isiwekwe ndani ya picha — hautaiona, na mteja hawezi kuibonyeza apige. Tusirudierudie neno kunguni kila mstari, mtambo unajua ukidanganywa na unakusukuma chini. Picha zisiwe nzito, mtu anayewashwa hasubiri. Kila huduma ukurasa wake, na kichwa kinachoeleweka.

Na kila picha iwe na maelezo nyuma yake. Nilivyoelewa, mtu hayaoni, mtambo ndio unayasoma. Nisiandike picha ya kwanza, picha ya pili. Niseme ni nini, na ni wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Mgongo! Nimeshinda mezani na picha zote za kazi. Mume wangu kapita nyuma yangu kama mara ngapi sijui, kila akipita: majina ya wateja marufuku. Nikamwambia baba, hiyo nimeisikia, nenda zako.

Kwenye ukurasa sijamtaja mtu. Nimeandika mteja wetu, familia moja, nyumba moja ya wageni. Heshima tupu.

Picha nzuri kuliko zote ni ile tuliyopiga kwa wifi. Godoro limeinuliwa, kunguni wamejipanga kwenye mshono, unawaona mpaka miguu. Wifi ndiye mteja wetu wa kwanza kabisa. Dada mkubwa wa mume wangu, mjane, na ile nyumba ya wageni ndiyo kila kitu chake. Siku ile alilia. Akatufungia mlango kwa ndani, yeye na sisi na yule mama wa usafi wake, akasema pigeni picha mjifunzie kazi, lakini yaishie humu.

Kwenye maelezo ya nyuma nimeandika: kunguni kwenye godoro, chumba namba sita. Halafu jina la nyumba ya wifi. Halafu mtaa. Si fundi kasema niseme ni wapi? Na faili lenyewe nimelipa jina hilohilo. Mtaa ule una nyumba za wageni nyingi, wenye nyumba wakitafuta watatuona sisi. Na hakuna mtu atakayesoma. Ni mashine tu.

Nimejiona hodari. Fundi kasema kazi safi, ataiweka hewani wiki ijayo.

Jumanne, 18 Machi

Imelia! Imelia, imelia, imelia! Mume wangu kabeba ngazi anaimba. Sijamsikia akiimba tangu mwaka jana.

Sina muda wa kuandika.

Jumapili, 23 Machi

Wifi alikuja kula na sisi. Kapungua uso, lakini utani wake uko palepale. Kaambiwa na mdogo wake jinsi simu zinavyolia, akanigeukia: basi wewe mwanamke una akili, tulidhani una sura tu. Tumecheka mpaka chai ikamwagika.

Kwake wageni wamepungua wiki hii. Hajui kwa nini. Waliokuwa wamesema watakuja hawajaja, na hawapigi hata simu. Lakini hana wasiwasi sana, maana walimu wamechukua nyumba nzima kwa semina yao ya likizo. Vyumba vyote! Kanunua mapazia mapya kwa ajili yao, ndiyo maana namwona amekonda, kayashona mwenyewe. Ile semina ikipita vizuri, kasema, watakuja kila likizo, na yeye atalala usingizi.

Simu yake ni ya vitufe. Mambo ya mtandao anatuachia sisi.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika kabla mume wangu hajarudi.

Asubuhi kapiga mama mmoja, mchangamfu, anataka tukamsafishie vyumba viwili. Namuuliza kama tunavyowauliza wote: umetupataje? Akacheka. Alikuwa anamtafutia mgeni wake mahali pa kulala. Kaandika jina la nyumba ya wifi — kalitamka! — ikamtokea picha ya kunguni, na chini yake tovuti yetu. Akasema, nilishtuka, halafu nikakumbuka na mimi kwangu wapo.

Nikamwuliza mgeni wake kalala wapi. Kwingine, kasema. Angelalaje pale?

Nikakata simu, nikaandika jina la nyumba ya wifi. Ya kwanza. Juu ya kila kitu. Godoro lile, mshono ule. Wifi hana tovuti, hana picha yoyote mtandaoni. Basi yake ni hiyo moja tu, ya kwangu.

Nikaingia kwenye ukurasa wetu kwa ile simu ya zamani yenye mtandao mzito. Picha haikufunguka haraka. Na mahali pa picha yakatokea maneno. Maneno yangu! Kunguni kwenye godoro, chumba namba sita, na jina zima na mtaa. Mtu yeyote mwenye mtandao mbovu amesoma.

Nimeifuta. Nimekaa sakafuni. Mume wangu yuko kazini, anaimba huko.

Jumatano, 26 Machi

Bado ipo. Kwetu haipo, lakini ukitafuta, ipo.

Nimekwenda kwa fundi mwenyewe. Leo kanitazama usoni, mara ya kwanza. Kaniuliza nani alikuambia uandike jina la mteja. Nikasema ulisema niseme ni wapi. Akasema wapi ni mtaa, mama, mji, si kitanda cha mtu. Na yale maelezo si siri hata kidogo — wasioona wanasomewa na simu zao, kwa sauti. Nilidhani kila fundi wa siri anajua kutunza siri, kasema. Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu akashika kichwa, akasema na yeye alipaswa kuyapitia kabla ya kuyaweka hewani. Hakuyapitia.

Nimefuta kwangu, lakini mtambo umebaki na kopi yake. Ametuma ombi iondolewe haraka. Inaweza kuwa leo, inaweza kuwa wiki kadhaa. Hawezi kuniahidi.

Jioni nimemwambia mume wangu. Niliandaa maneno mengi, nikasema mawili. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kakaa na viatu mguuni muda mrefu. Halafu: umemwambia dada? Bado. Basi usimwambie. Itafutika yenyewe, hatajua, na sisi tutanyamaza kama tunavyonyamazia wateja wote.

Nikasema huku si kunyamaza kwa ajili ya mteja, huku ni kujificha. Kaniambia niache maneno makubwa. Akija kujua, kasema, nimepoteza dada, na jina la kazi, vyote kwa mpigo mmoja.

Naogopa kuliko yeye. Kwa hiyo nimekubali. Naandika hapa kwamba nimekubali.

Alhamisi, 27 Machi

Walimu wamejitoa. Semina yote. Wifi kampigia mdogo wake, sauti niliisikia mpaka nilipokuwa. Katibu wao hakueleza sana, kasema tu wamepata taarifa kuhusu usafi wa vyumba. Taarifa gani? Kutoka kwa nani? Kasema samahani mama, akakata.

Mume wangu kajibu pole dada, pole sana, mpaka neno likaisha utamu. Alipoweka simu hakunitazama.

Nimetafuta tena. Ipo.

Jumamosi, 29 Machi

Wifi yuko sebuleni. Nimekuja jikoni kwa kisingizio cha chai na sijawasha hata jiko. Naandika nimesimama.

Amekuja bila kupiga hodi, kavaa kanga juu ya nguo za kushindia, yeye ambaye hata dukani haendi bila kujipamba. Amekaa, akasema: nimemjua. Mume wangu akauliza umemjua nani. Aliyenimaliza.

Amefikiri mwenyewe usiku kucha, kasema. Habari za chumba namba sita walijua watu wanne. Yeye, sisi wawili, na mama wa usafi. Hesabu rahisi. Ni mama wa usafi! Yule yule aliyemshika mkono siku ya mazishi ya marehemu mume wake. Yule aliyebeba godoro lile mgongoni kwa siri, kwa mlango wa nyuma, asubuhi na mapema. Wifi kasema: nimekula chumvi yake naye kala yangu, kumbe.

Nikasema kwa sauti ndogo, wifi, labda si yeye. Akanigeukia kwa huruma, kwa huruma hasa! Kasema wewe una moyo mwepesi, humwoni mtu ubaya. Nani mwingine? Ninyi? Ninyi ni damu yangu, ninyi siwezi hata kuwawazia.

Mume wangu alikuwa anatazama zulia.

Na sasa hivi wifi anampigia mama wa usafi. Anataka aje hapahapa, mbele yetu, tuwe mashahidi, amfukuze mbele ya watu ili asiende kubadilisha maneno. Simu inaita, naisikia, ameiweka sauti kubwa. Haipokelewi. Anapiga tena.

Mume wangu amekuja mpaka mlango wa jikoni. Ananong'ona: usithubutu. Nikamwuliza, yule mama atakwenda kula wapi? Nikamwonesha simu yangu — nimetafuta sasa hivi, picha ipo, ile ile, ya kwanza. Ametazama, akageuka, ametoka kwa mlango wa uani. Nasikia maji. Anaosha bomba.

Basi niko peke yangu. Afadhali.

Nimeweka simu mezani, picha juu. Nimeita: wifi, kata simu kwanza, njoo huku jikoni, nina neno na wewe. Peke yako.

Halafu sauti yake imebadilika kabisa, imelainika, mara ya kwanza tangu aingie. Anauliza kuna heri? Nasikia anainuka, anatafuta kandambili zake. Anakuja huku anacheka, anasema Mungu ni mkubwa, kumbe hata siku kama ya leo, na kwamba mtoto huyo lazima awe wa kike na lazima apewe jina lake yeye, shangazi.