Kijidudu cha Bombani

Ndugu yangu, kaa kitako. Kwetu kumeharibika, na safari hii mkono wangu haumo.

Shangazi yule wa maabara ndiye aliyempima babu makohozi. Akakuta bakteria, si wa TB bali binamu yake, sugu kwa vidonge vya kawaida. Daktari akaamua babu achomwe sindano kila siku, kuanzia leo, ingawa zinaweza kuua masikio.

Masikio ya babu, mume wa redio.

Shangazi hakutulia. Akalinganisha vinasaba vya bakteria wa babu na wa wagonjwa wengine wawili. Ni yuleyule, kama pacha.

"Wameambukizana," daktari akasema.

"Hawajawahi hata kuonana," Shangazi akajibu. "Na mdudu huyu makao yake ni kwenye maji."

Akapima maji ya bomba la maabara. Majibu yametoka leo. Yuleyule.

Bomba hilohilo, ambalo yeye mwenyewe humwambia kila mgonjwa asukutue kwa maji yake kabla ya kutema makohozi. Yeye mwenyewe, ndugu yangu.

Alikimbilia wodini viatu mkononi, nami nyuma. Babu alishakunja mkono wa shati. Akasikiliza kesi yote, kwamba mdudu ni wa bomba na si wa kifua chake, kwa utulivu wa jaji, kisha akatoa hukumu: "Basi mwanangu, sindano hiyo nenda ukalichome bomba."

Nikacheka. Shangazi hakucheka.

Maana mmoja wa wale wawili, mama wa kitanda cha dirishani wodi ya wanawake, ameshachomwa sindano hizo mwezi mzima. Shangazi akaenda, akamwita kutoka mlangoni. Akamwita tena, kwa sauti ya kuamsha bweni.

Hakugeuka.