Pini Ishirini na Nne za Mama Espérance

Jumatatu, 3 Machi

Kutoka Uvira mpaka Cape Town hakuna fundi wa nguo wa kunishinda. Cape Town sijafika, lakini hata wao huko wanasikia baridi nikiwasha mashine. Shule niliacha darasa la sita. Ilikuwa inanichelewesha.

Asubuhi suruali tatu, zipu mbili, koti la mchungaji. Patron wangu, mwenye duka, Papa Faustin, kafika saa nne, anasingizia taxi. Kila siku taxi. Anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, mtaa huu huu wa Point.

Saa sita kaingia mama mmoja mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni. Kachukua koti nililomaliza, kaligeuza ndani nje, kasoma mshono wangu kama barua ya mahakama. Kisha: "Mwanangu, mshono huu unaweza kupanda mpaka Berea, pale kilimani. Juu zaidi ya hapo, hapana."

Duka zima limecheka. Mimi pia, lakini kwa meno tu.

Alipotoka, Patron kanieleza. Anaitwa Mama Espérance, mtu wa Uvira kama mimi. Vita vilimpeleka Amerika, huko akapata kazi kwenye kiwanda kinachoshona mavazi ya watu wanaoruka angani. Miaka thelathini na moja. Sasa amestaafu, amekuja kukaa kwa binti yake Berea.

Nikasema huo uongo. Patron kajibu, "Petit, mdogo wangu, uongo wote wa duka hili tunajua unatoka kinywa gani."

Jumanne, 4 Machi

Si uongo. Eish.

Karudi na simu, kanionyesha picha. Glovu nyeupe, kubwa, inapunga. Nyuma yake dunia nzima, ya bluu. Glovu kaishona yeye. Mwenye mkono alimtumia picha akiwa huko huko juu. Mama anasema tu, "Kidole gumba kilinisumbua sana." Mtu anaelea juu ya dunia, yeye anaona kidole gumba!

Jumapili ya tarehe 16 kanisa lao litamfanyia ibada ya shukrani, kwa kumaliza kazi salama. Anataka kikwembe cha kujifunga na libaya, blauzi yake, la kuvaa siku hiyo. Kitambaa anacho, cha bluu chenye ndege weupe. Mikono hana: inatetemeka, hawezi tena kushika sindano. Kwa hiyo yeye atakaa kwenye kiti, mimi nitashona. Kanichagua mimi, si Patron. Mwenye macho haambiwi tazama.

Na kuna zaidi. Mashine yake mwenyewe, aliyokuja nayo kutoka Amerika, iko Berea chini ya shuka. Libaya likitoka safi, mashine ni yangu. Nimeshaitafutia mahali: pale Patron anapoweka miguu.

Alhamisi, 6 Machi

Kola. "Fumua." Kola tena. "Fumua." Mara tano. Nimeanza kumchukia huyu mama.

Halafu mambo ya pini. Kaleta kopo dogo la bati, ndani pini ishirini na nne, vichwa vyekundu. Asubuhi nahesabu mbele yake, jioni nahesabu mbele yake. Kule kiwandani pini moja ikibaki ndani ya vazi inatoboa, hewa inatoka, mtu anakufa. Ikipotea moja, hakuna kurudi nyumbani mpaka ionekane.

Nikamwambia, "Mama, hili libaya linaenda kanisani, si mbinguni."

"Wewe unajuaje njia?" kanijibu. Patron kacheka mpaka kikohozi.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimemuuliza kwa nini kaacha kazi. Si uzee, ana miaka sitini na kidogo. Anasema mwaka jana alikuwa anashona glovu, mkono ukaruka. Mshono mmoja ukaenda kando, upana wa unywele. Hakuna aliyeona. Wakaguzi walipita, wakakubali. Yeye akaichukua ile glovu, akampelekea mkubwa wake, akasema: hii ni mbaya, na mikono yangu imekwisha. Wakampigia makofi. Wakamwandalia keki. Akalia chooni.

Kajishtaki mwenyewe! Mimi ningenyamaza. Nani angejua?

Nilimwambia hivyo. Kaniangalia kidogo, kasema, "Fumua mkono wa kushoto."

Jumatano, 12 Machi

SIKU KUBWA. Kageuza bega ndani nje, kapitisha kidole. Hakusema fumua. Nilingoja. Hakusema! Nikampigia mama yangu Uvira kumwambia. Hakuelewa, lakini alipiga vigelegele.

Kitu kingine: Mama Espérance anaogopa lifti. Miaka thelathini na moja anawavisha watu wa angani, na binti yake alilazimika kutafuta nyumba ya ghorofa ya chini. Kwenye ndege ya kuja huku kafumba macho njia yote. Sasa nikitaka kumtania nasema, "Mama, panda kwenye stuli unipe uzi." Ananipiga na rula. Nitamkosa akiacha kuja. Sijui kwa nini nimeandika hivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Libaya limekwisha. Mikono imesimama kama mabawa. Binti yake kaja kulichukua na gari, alikuwa na haraka, kasimama pabaya karibu na robot, taa za barabarani, na watu wanampigia honi. Nilipita kwanza saluni ya jirani, kwa Chantal, kuomba kitu kidogo. Si muhimu.

Pini: ishirini na nne. Mama kaniuliza, nikamwambia. Kafunga kopo. Kaniambia, "Sharp," sawa, kama vijana wa hapa. Sijui nani kamfundisha.

Kesho mashine, au Jumatatu. Patron ameanza kuhamisha miguu.

Jumapili, 16 Machi

Kanisa limejaa mpaka nje. Mimi shati jeupe, viatu vya Patron. Mama Espérance kaingia, watu wakageuka wote. Lile libaya lilikaa! Bibi mmoja kamshika fundi wake wa zamani kwenye bega, kamwonyesha kwa kidole.

Mchungaji kasema huyu mama aliwavisha watu waliofika karibu na Mungu, naye mwenyewe akabaki chini akiwaombea. Ngoma zikaanza. Mama kacheza taratibu, kama watu wa umri wake. Halafu akainua mkono wa kushoto juu, kushukuru.

"YESU!" Akaruka.

"AMINA!" Kanisa zima.

Kaushusha, akaruka tena. Mpiga ngoma akaongeza mwendo. Akina mama wakatoa vitambaa, wakamzunguka, nao wanaruka. Mchungaji analia. Watu walioanguka, wanne. Mchungaji anasema tangu Pasaka hajaona Roho akishuka hivyo.

Katikati ya wale wachezaji wote, Mama alinitazama. Hakununa. Hakucheka. Alitazama kama mtu anayehesabu.

Pondu, kisamvu chetu, samaki, wali, kuku. Nimekula sahani tatu. Hapana. Moja, na sikumaliza.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Patron ametoka kununua uzi.

Mama Espérance kaja saa nne. Kaweka kopo mezani. Katoa leso, ndani ya leso pini moja ya kichwa chekundu, ilikuwa kwapani mwa libaya. Kaitumbukiza na zingine. "Hesabu."

Nilihesabu. Ishirini na tano.

Akazigeuza kwa kidole kinachotetemeka mpaka akapata moja yenye wekundu tofauti kidogo. Kaikwaruza kwa ukucha. Nyekundu ikabanduka, chini yake chuma kitupu.

Hakupiga kelele. Kasema, "Mimi nimepoteza mbili katika maisha yangu. Tulikaa kiwanda kizima mpaka zikapatikana. Hakuna aliyenikasirikia." Basi. Halafu kasema mashine haitoki Berea. Kisha: "Jumamosi saa tatu uje. Mashine haitashuka. Wewe ndiye utapanda."

Mlangoni akageuka. Mchungaji anataka ashukuru tena Jumapili ijayo, watu wameomba. Hapo akacheka, kashika kwapa, kaondoka na mwavuli.

Kaniachia kopo.

Sasa duka kimya. Nitaandika, hakuna mwingine anasoma hapa.

Ijumaa zilikuwa ishirini na tatu. Nilihesabu mara tatu. Binti anapiga honi, mashine naiona kwa macho, na kulifumua libaya lote kutafuta pini moja sikutaka. Nikachukua pini ya Patron, Chantal kanipa rangi ya kucha, nikapaka kichwa, nikapuliza ikauke. Mama akaniuliza, "Ngapi?" Nikamwangalia machoni.

Pini ilipotea yenyewe. Ishirini na nne niliisema mimi.