Aliyeshuka Barabara ya Mishamo

Shanwe, Mpanda,
Katavi.
19 Agosti 2025

Mpendwa mpwa wangu Wiliam,

Salamu nyingi sana zikufikie huko Japani uliko. Hujambo? Mkeo hajambo? Na watoto je, wanakua? Nasikia mwezi huu huko kwenu joto linabana mpaka watu wanaanguka barabarani. Kunywa maji baba, usijifanye kijana.

Sisi huku wazima. Mama yako Lucia nilimwona kule kijijini Mamba mwezi wa saba, amevuna mpunga gunia thelathini na mbili. Mguu ule bado unamsumbua ila mdomo ni mzima kabisa, alinigombeza toka naingia mpaka natoka. Mimi mwenyewe nina miaka sabini na moja, na meno yangu yote isipokuwa manne. Sukari sina, presha sina. Daktari alinipima akasema mzee una moyo wa kijana. Nikamwambia najua.

Naandika kwa mkono kwa sababu hii habari siiwezi kwenye simu. Mke wangu Marsela anasikiliza, na mjukuu wangu Odeta ananikatiza. Najua yeye alikutumia ile sauti na wewe ukamjibu. Lakini hakukutumia yote. Kuna kipande alikificha kwa kunihurumia, sasa nakueleza mwenyewe. Mwandiko wangu unaujua, niliishia la tatu, soma polepole.

Kwanza gari. Gari uliyonitumia ni gari kweli. Ulipoandika kwenye karatasi kwamba aina yake ni kupe, watu wa hapa Shanwe walicheka sana, wakasema mzee Gelasius ameagiza kupe kutoka Japani, hakuona ng'ombe wetu wanao wa kutosha. Basi jina lake ndiyo hilo mpaka leo, Kupe. Milango miwili tu, pua ndefu, mgongo umelala. Mtu akikaa nyuma hawezi kutoka mpaka wa mbele ashuke, akunje kiti chake, ndipo yule apite ameinama. Marsela alipanda nyuma siku moja kwenda kanisani, akasema hatapanda tena, siyo gari ni mahabusu.

Kuigeuza iwe ya mashindano tulifanya mimi na Ladislas. Humjui huyu. Ni fundi, wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa Mishamo, kwa kuchomelea hana mpinzani Katavi nzima ukinitoa mimi. Tukang'oa viti vya nyuma, mazulia, redio, kila chenye uzito. Tukachomelea mabomba ya chuma ndani ili ikipinduka paa lisitulalie. Tukainyanyua juu, tukaweka bamba la chuma chini ya injini na tairi za meno. Injini nilifungua mwenyewe, hakuna aliyeigusa.

Na yule mama wa Kijapani anayeongea ndani ya gari tukamtoa. Unawajua, magari ya huko mengi yanakuja naye, ukiwasha anakusalimia na kukuelekeza njia kwa lugha yake. Wa kwetu alikuwa na sauti nzuri, kama mwalimu. Kila asubuhi nilikuwa namjibu, nzuri mama. Ladislas akafuata nyaya mpaka kwenye kisanduku chake na spika yake, akakata, akakiweka kwenye rafu ya gereji karibu na kopo la grisi. Kipo pale mpaka leo. Nimekwenda kukishika kwa mikono yangu.

Mashindano yalikuwa Jumamosi tarehe mbili mwezi huu. Barabara ya Mishamo ilifungwa toka alfajiri, kilomita arobaini za vumbi, magari kumi na moja. Watu hawaondoki kwa pamoja. Mnaachiwa mmoja mmoja kila baada ya dakika mbili, halafu saa ndiyo inasema nani mshindi. Ndani mnakuwa wawili, dereva na msoma njia wa kumwambia kona zinazokuja. Msoma njia wangu alikuwa Odeta, yule binti wa marehemu mwanangu Martin, sasa ni mwalimu wa shule ya msingi.

Nilikitaka kile kikombe, Wiliam, nisikufiche. Miaka arobaini nimeendesha malori ya watu. Nimefika Kigoma, Tunduma, Kigali, na kwenye mlango jina ni la mtu mwingine siku zote. Nilitaka kitu kimoja kabla sijafa, kiwekwe mezani, kiwe na jina langu.

Sasa, katikati ya njia ile, ukishavuka daraja la mbao, kuna kona ya kushoto, na kwenye kona kuna lundo la matawi. Yale mambo hata Mamba yapo unayajua. Msafiri alifia pale hakufika alikokuwa anakwenda, basi kila anayepita anamtupia tawi. Siku ya mazoezi Odeta aliniambia, "Babu, simama tutupe tawi." Nikamwambia tumekuja kukimbia, hatukuja kufagia msitu. Tukapita.

Siku yenyewe aliyekuwa anaondoka mbele yangu ni kijana mmoja anaitwa Malale, na Subaru yake ya bluu. Asubuhi akaja na kundi lake.

"Shikamoo mzee. Kupe leo atamng'ata nani?"

"Marahaba. Kupe anaanzia nyuma, wewe chunga mkia wako."

Watu walicheka mpaka akarudi kwenye gari lake. Mimi sishindwi maneno. Lakini Odeta hakucheka. Alikuwa anaitazama Kupe.

"Babu, mbona imelala nyuma?"

Nikatazama. Kweli, nyuma imebonyea kama imepakia. Na nyuma hamna kitu, mabati matupu. Nikamwambia ni mafuta. Tangi lilikuwa nusu, na yeye alijua.

Tukaachiwa saa nne na dakika nane, sisi wa mwisho kabisa, jua limeshakuwa kali. Nikwambie ukweli, nilikuwa naendesha vizuri kuliko watu wote waliokuwepo, hata maadui zangu watakwambia. Ila kwenye kona mkia ulikuwa unaburuta, gari nzito, inachelewa kugeuka. Tukavuka daraja. Odeta akasema, "Kushoto, funga breki mapema." Hapo hapo yule mama akaongea.

Wiliam, hakuongea mbele ambako alikuwa anakaa kisanduku chake. Aliongea nyuma yetu. Sauti ile ile ya mwalimu, lakini maneno yalikuwa mengi kuliko salamu, na taratibu, kama anamwambia mtu mmoja.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni kwamba kona iko nyuma na gari imekuwa nyepesi. Nyepesi! Imeruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Kilomita zilizobaki sijawahi kuendesha vile, na sitaendesha tena.

Tulipofika mwisho hakuna aliyepiga makofi. Watu wamesimama tu. Mwenyekiti wa mashindano akaja dirishani na saa yake mkononi.

"Mzee, Malale yuko wapi?"

"Si amefika?"

"Hajafika."

Zikapita dakika nne ndipo Subaru ikatokea. Malale akashuka, akaiona Kupe imesimama, akavua kofia ya chuma pole pole.

"Mzee umepita wapi?"

Barabara ile ni moja. Huku na huku ni miti na vichaka, hata baiskeli haipenyi. Nikamwambia sikukupita, na kweli sikumpita. Vumbi lake lilikuwa mbele yangu mpaka darajani.

Halafu Ladislas akaja kumfungua Odeta ile mikanda minne. Aliifunga mwenyewe asubuhi, kwa nguvu mpaka binti alilalamika. Akaikuta imefunguliwa yote. Na kiti cha Odeta kilikuwa kimesogea mbele mpaka magoti yake yamegusa, vile kinavyokaa mtu akishakikunja na kukirudisha haraka. Ladislas akaingiza kichwa nyuma. Ndani kote mlikuwa mwekundu kwa vumbi, nene kama unga. Ila mahali pamoja pale kwenye bati palikuwa safi, upana wa mtu aliyekaa. Na mbele yake pawili padogo pa nyayo, zimewekwa pamoja kwa adabu. Ladislas akapiga ishara ya msalaba.

Mwenyekiti akaamua hivi. Jumapili ya wiki inayofuata, baada ya misa, tuje wote wawili, dereva na msoma njia, tutie saini kwamba tulikwenda njia nzima bila kusimama na bila mtu kutoka garini. Tukisaini, kikombe changu. Odeta akakataa pale pale, na nyumbani akanikatalia tena.

"Babu, tulisimama."

"Hatukusimama."

"Tulisimama kwenye lundo. Ukazima gari. Ukaniambia, shuka mgeni apite."

"Mimi?"

"Wewe, Babu. Nikashuka, nikakunja kiti. Akapita."

"Akapita nani?"

"Sikumwona. Koti lake lilinigusa mkono. Lilikuwa limelowa."

Limelowa, Wiliam, na huku mvua ya mwisho ilikuwa mwezi wa tano. Nilimgombeza wiki nzima. Nilimwita mwongo mbele ya Marsela, nikamwambia ana wivu na jina langu. Alilia lakini hakusogea hata kidogo. Marsela akaacha kunisemesha, ananiwekea ugali anaondoka.

Ijumaa ndiyo Odeta akakumbuka kamera ndogo tuliyokuwa tumeibandika kwenye kioo. Picha baada ya daraja ni vumbi tupu, ila sauti ipo. Akakutumia kile kipande cha yule mama, na wewe ukajibu kwamba anasema, umefika karibu na mahali unapokwenda, mwongozo unaishia hapa. Nilimwambia anisomee jibu lako mara tatu. Nikaomba kamera. Hakutaka kunipa. Nikaichukua.

Kipande ambacho hakukutumia ni hiki. Yule mama akimaliza, injini inazimwa. Unasikia ndege. Unasikia mlango, halafu kiti kinakunjwa, klak. Halafu kuna mzee anasema, "Pita taratibu. Chunga kichwa, mlango mdogo." Ni mimi. Ni sauti yangu kabisa, na sijawahi kuongea kwa upole namna ile na mtu yeyote, hata mama yako atakwambia. Baadaye kimya kirefu. Odeta amekihesabu, dakika sita. Tulisimama dakika sita, na bado tukafika kabla ya mtu aliyekuwa mbele yetu. Hesabu hiyo nimeshindwa, na wewe uliyesoma ukiiweza niandikie.

Jumapili tukaenda. Kikombe kilikuwa mezani, kikubwa, jina langu limeshachongwa, GELASIUS, herufi zote zimekaa sawa. Nikakigusa. Mwenyekiti akaona Odeta amekaa mbali, akaniinamia akasema, "Mzee tia saini wewe tu, ya binti tutaimaliza wenyewe."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Nikasema, "Tulisimama. Tulishusha mtu."

Mmoja nyuma akacheka, halafu akaona hakuna anayemsaidia kucheka. Mwenyekiti akauliza, "Mlimshusha nani?" Nikasema jina lake silijui. Kikombe kapewa Malale. Amekipeleka kwake amekifunika na kitambaa, hajakishangilia mpaka leo. Na mimi bado ndiye dereva bora Katavi, hilo liko wazi.

Kesho yake nikamwomba Odeta msamaha. Usimwambie mtu. Tukaenda wote kwenye lundo mchana, tukatupa matawi, langu kubwa zaidi. Lakini nilisimama pale mdomo mtupu, Wiliam. Sina wa kumtaja. Nimemwendesha mtu toka aliposhuka kwenye meli, nimemsalimia kila asubuhi nikidhani nasalimia sanduku, nimemkatia nyaya zake, nimemng'olea kiti akakaa kwenye bati, na sijui hata ni baba au mama. Kupe nimeifunika turubai. Siendeshi mpaka nijue.

Kwa hiyo nakutuma. Ulininunulia mnadani, karatasi za mwanzo unazo wewe, na jina la mwenye gari wa kwanza litakuwemo. Mtafute alipokuwa anaishi. Usiende mikono mitupu, na habari ya mashindano usiitaje, watatuona wahuni. Jina niandikie kwa herufi kubwa nilisome mwenyewe, nitalipeleka kwa padri alitamke vyovyote atakavyoweza.

Marsela anakusalimu, siku hizi tunaongea. Odeta anakusalimu sana na anasema usimcheke babu. Ladislas naye hakujui lakini anakusalimu. Msalimie mkeo, uwabusu watoto kila mmoja kwa jina lake, na ukimpigia mama yako mwambie mguu auweke kwenye maji ya chumvi, mimi hanisikii. Mungu akutangulie unapotoka na akukute salama unaporudi, wewe na wote wa mlango wako.

Na ukiwapata ndugu zake yule, kaa nao chini kwanza, usiseme umesimama. Waambie mtu wao amefika. Waambie njiani hakuteswa, na tulimfungulia mlango.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Gelasius