Kile Kipande cha Waya

Chanika, Handeni
3 Novemba 2024

Mwanangu Zaidi,

Assalaam aleykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo Faudhia na mjukuu wangu Ikram. Mafua yake yameisha? Na mama mwenye nyumba wenu, mguu unaendeleaje? Sisi huku wazima. Baba yako mzima, anawasalimu, yuko nje anapanga mawe ya banda la mbuzi kwa ule mkono wake mmoja na hataki mtu amsaidie. Maryamu mdogo wako mzima, ndiye anayeandika haya ninayosema, na amenuna kwa sababu nasema haraka. Bibi yako mzima ila masikio tu, kila neno mpaka urudie. Kinu nacho kizima, mota haijasumbua tangu Mei. Hata paka mzima, kazaa watatu nyuma ya magunia.

Jumapili iliyopita nilikupigia simu mara nne. Kila ukipokea nasikia ngurumo tu, kama nimelipigia lori. Nasema haloo, haloo, na wewe unajibu "sawa mama" wakati sijauliza kitu. Ndiyo nikaona bora barua. Nimempa kondakta Abdulaziz pamoja na unga debe moja.

Huyo Abdulaziz kaniambia wewe na rafiki yako Kaleb mmeweka mashine mbili kwenye chumba cha uani, za kuchimba pesa za mtandaoni, zinanguruma kutwa kucha, na majirani wa Masuguru wanadhani umefungua kinu. Nilicheka. Halafu akasema chumba chenyewe kimepakana ukuta na anapolala Ikram. Hapo sikucheka.

Hizo pesa sizijui na sikuulizi. Umeme naujua kidogo, nimesaga miaka ishirini na mbili. Nijibu mwanangu: kila mashine inakula umeme kiasi gani? Umeichomeka wapi, kwenye soketi ya kawaida ya kuchomeka redio? Waya wa chumba hicho una unene gani, na breka yake, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ni namba ngapi? Na ekstensheni, umeikunja au umeinyoosha? Ikikunjwa inajipasha yenyewe mpaka inalainika. Mashine zikishafanya kazi saa moja, gusa plagi kwa mgongo wa mkono, siyo kwa kiganja. Ikikufanya uondoe mkono, zima kwanza ndipo ufikirie.

Nisalimie wote. Nijibu upesi, roho haijatulia.

Mama yako,
Mwaija


Masuguru, Korogwe
10 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama, shikamoo baba, shikamoo bibi. Maryamu hujambo, punguza kununa. Sisi wazima. Ikram amepona mafua, sasa kazi yake ni kuvua viatu alivyovalishwa. Unga umefika, Faudhia anasema ahsante sana mama.

Maswali yako nilimsomea Kaleb akasema, "Mgosi, mama yako angekuwa injinia." Haya, nakujibu. Kila mashine inakula umeme kama pasi tatu zilizo moto kwa pamoja, na haipumziki. Inapiga hesabu, mama, hesabu tupu, inashindana na mashine nyingine dunia nzima, na kadiri inavyopiga nyingi ndivyo tunavyopata chembe zetu. Ikizimika saa moja, saa hiyo imepotea. Zimechomekwa kwenye soketi, ndiyo, zile zilizokuwepo. Waya ni ule wa nyumba, unene mili mbili na nusu. Breka ni ya thelathini na mbili, Kaleb aliibadilisha, ya ishirini ilikuwa inaanguka kila mara. Ekstensheni niliikunja, nimeinyoosha baada ya kusoma barua yako.

Joto la humo ni jingi. Faudhia anaanika nguo za mtoto, nusu saa zimekauka.

Nimeacha kazi ya dukani kwa ajili ya hili na Kaleb ameuza pikipiki yake. Hatuchezi. Kwa hiyo usihofu. Mimi siyo baba. Mimi naangalia ninachokishika, na mkono wangu utabaki pale ulipo.

Mwanao,
Zaidi


Chanika, Handeni
14 Novemba 2024

Mwanangu Zaidi,

Salamu za Mungu ziwe juu yako, Faudhia na Ikram. Huku wote ni wale wale na wazima, isipokuwa bibi yako kaumwa na tumbo siku mbili, sasa anakunywa uji.

Barua yako Maryamu aliisoma kwa sauti, tumekaa wote barazani. Alipofika kwenye yale maneno yako alijaribu kuruka mstari, lakini uso ulishamsaliti. Baba yako akamwambia, "Soma tu." Akasoma. Baba yako akasema, "Kijana anaangalia anachokishika. Vizuri." Akaenda kwa mbuzi wake, na hakurudi mpaka magharibi. Chakula chake nikakifunika.

Usiandike vile tena. Nakuomba, siyo nakugombeza.

Sasa nisikilize habari ya waya. Breka ni mlinzi wa waya, siyo wa mashine. Ile ya ishirini ilikuwa inaanguka kwa sababu waya wenu mwembamba ulikuwa unaelemewa, ikawa inawaambia. Nyie mkaleta mlinzi mvumilivu zaidi, na waya ni ule ule. Huo waya utaungua ndani ya ukuta na breka imekaa inatazama. Inatakiwa waya wa mili sita kutoka meni swichi, ile kubwa ya nyumba nzima, mpaka chumbani, na kila mashine iwe na breka yake, msipitie kabisa kwenye soketi za redio. Sanduku la breka litoke kwenye hicho chumba cha joto, kwa sababu breka nayo ikipata joto inachoka mapema. Na fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini, ya kupeleka umeme uliopotea, hakikisha ipo na waya wake haujakatika. Kwetu huku kukavu, ile ya kinu namwagia maji kila Ijumaa.

Mtafute fundi wa kweli. Kama mili sita haipatikani sasa, washa mashine moja, nyingine ikae. Hiyo moja nayo isikae kwenye soketi ya redio, fundi aifunge kwenye breka yake ya ishirini.

Abdulaziz anapita huko karibu kila siku. Mpe hata karatasi ndogo.

Mama yako,
Mwaija


Masuguru, Korogwe
22 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, najua umetuma unga mara mbili na hukupata jibu. Wote wazima, na nyote huko nawasalimu. Ya baba pia nisamehe, ingawa mama, Handeni nzima inajua aliweka waya mahali pa fyuzi. Sikutunga mimi.

Mwezi huu umetusumbua. Kwanza Faudhia aliona joto lile linapotea bure, akaanika makopa ya muhogo mbele ya mashine. Yalikauka vizuri ajabu. Vumbi lake jeupe likaingia kwenye feni, mashine moja ikazidiwa na joto ikajizima yenyewe. Tumekaa siku tatu tunaisafisha kwa brashi ya rangi. Ilipopona, breka ikaanza kuanguka kila siku mchana, jua likipanda. Saa saba inaanguka, saa nane inaanguka.

Fundi Yordani alikuja, akasema yale yale uliyosema wewe, mpaka Kaleb akauliza kama mnafahamiana. Lakini waya wa mili sita kwa umbali ule tutauweza Januari. Kwa sasa tumeiruka breka. Nimefunga kipande cha waya kutoka upande mmoja wa breka mpaka upande wa pili, umeme unapita bila kuipitia. Ni kwa muda tu. Tangu Jumatano haijazimika hata mara moja, mama, zinafanya kazi kama wimbo.

Ulitaka ukweli, ndio huo. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Zaidi


Chanika
24 Desemba 2024

Zaidi mwanangu,

Leo salamu fupi. Barua hii naandika kwa mkono wangu, Maryamu nimemtuma sokoni. Niliishia darasa la nne, soma polepole.

Unakumbuka mwaka ule uko darasa la tano, siku mbili kabla ya mfungo. Wanawake walipanga foleni mpaka barabarani, kila mtu anataka unga wa uji wa kufuturia. Fyuzi ikaungua mara moja, mara mbili, mara tatu. Fyuzi zikaisha. Baba yako akapanda gari kwenda Korogwe kununua nyingine, akaniambia, "Waambie wangoje." Wasingengoja, mwanangu. Walishaanza kubeba ndoo zao kwenda kwenye kinu cha bondeni. Nikakata kipande cha waya wa uzio, ule wa kufungia miti, nikauweka mahali pa fyuzi kama nilivyokuwa namwona baba yako akiweka fyuzi. Kinu kikawaka. Hakikuzimika hata mara moja. Nikasaga magunia kumi na sita, nikajiona fundi.

Baba yako alirudi alasiri na fyuzi mfukoni. Alisikia harufu kabla hajavuka mlango. Akaniambia, "Toka, toa watu." Nikatoka. Yeye akaenda kwenye meni swichi kuizima, ikamlipukia mkononi.

Hospitali walipouliza nani aliweka waya, nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Akasema, "Mimi." Nikanyamaza. Walipoondoka nikamwambia nitasema ukweli kesho. Akasema, "Mkono huu hausagi tena. Utasaga wewe. Wakijua ni wewe, nani ataleta mahindi yake? Acha nionekane mzembe, watoto wapate kula." Hiyo kesho imekuwa miaka kumi na saba. Mmekula, mmesoma, umekua mtu mzima, na mdomoni kwako baba yako ni mzembe. Nami nimekaa pale pale pembeni ya kitanda, sijasema.

Kwa hiyo usiseme wewe siyo baba. Ni kweli wewe siyo baba. Wewe ni mimi. Na kwangu pia kinu kiliimba siku nzima.

Fanya hivi. Mtoe Ikram kwenye chumba kile sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Zima meni swichi ya nyumba nzima. Usiuguse huo waya umeme ukiwa unapita. Mwite Yordani autoe, na kabla hajabadilisha waya wa ukutani msiwashe kitu humo.

Usinijibu. "Sawa mama" yako naijua. Sitaki barua, nitumie huo waya wenyewe. Weka kwenye bahasha, mpe Abdulaziz. Nitakuwa stendi kila gari likiingia.

Mama yako


Chanika, Handeni
29 Desemba 2024

Mwanangu mpendwa Zaidi,

Assalaam aleykum wewe, Faudhia, Ikram, mama mwenye nyumba na mguu wake, Kaleb, na fundi Yordani ambaye simjui ila nimemuombea dua. Huku baba yako mzima, bibi mzima, Maryamu mzima ndiye anayeandika, sasa anajua yote, analia na kuandika, ukiona wino umetapakaa ndiyo sababu. Paka wawili tumewagawa.

Nilikwenda stendi siku nne. Jana Abdulaziz akanipa bahasha, nilipoishika tu nikajua siyo karatasi. Waya, urefu wa kidole changu cha kati. Upande mmoja safi, upande mwingine mweusi, plastiki imeyeyuka ikaganda kama nta. Nikaikung'uta bahasha. Hakuna kingine.

Nilimpelekea baba yako kwenye banda la mbuzi. Nikamwambia nimekuandikia.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote."

Akaugeuza waya, akaunusa. Akasema, "Sasa mimi nitakuwa mzembe wa nini?" Akacheka, na mimi nikacheka, kisha akakaa chini kwenye mawe. Halafu akanionyesha ule upande mweusi. "Hapa alifunga legelege. Siku mbili, tatu, asingekuwa na nyumba." Anasema mkipata mili sita msianze bila yeye, atakuja kusimama pale fundi akifunga. Mkono mmoja unatosha kuonyesha, ndivyo alivyosema. Shati la safari ameshalifua.

Niliomba waya nikaupata, na nilisema sitaki barua. Nilikosea, mwanangu. Sijui Ikram analala wapi. Sijui kama hukufunga kipande kingine mahali pa hiki. Sijui moyoni mwako sasa unaniitaje. Jana jioni nilikupigia, ukapokea. Hukusema kitu. Lakini nyuma yako palikuwa kimya, ile ngurumo haikuwepo, nikamsikia Ikram anamwambia mtu "vua kiatu". Ukakata. Nimekaa na hicho kimya tangu jana, sijui ni cha mashine kuzimwa au ni cha kwangu mimi.

Gari la saa nne linajaza abiria, Abdulaziz anapiga honi. Andika hata mstari mmoja, hata wa kunigombeza. Kama huwezi kuniandikia mimi, mwandikie baba yako, mwanzie kwa shikamoo. Lakini isipite Jumanne, Zaidi. Mpe Abdulaziz Jumanne.

Mama yako,
Mwaija